Binadamu vs Kompyuta: Kwa Nini Chesi Huanza Kupotezwa Kichwani Kabla ya Mezani

Kama umewahi kucheza chesi na simu yako usiku na ikakunyorosha mara tano mfululizo, relax. Mabingwa wa dunia pia wamepitia hiyo noma. Hii hapa rada ya mambo mawili yaliyowaamulia mechi zao.

1. Maandalizi

Februari 1996 kule Philadelphia, Garry Kasparov alipoteza gemu ya kwanza dhidi ya Deep Blue ya IBM, akajipanga, akashinda 4-2. Mei 1997 wakarudiana New York. Mashine sasa ilikuwa inapiga hesabu ya hali milioni 200 kwa sekunde moja. Waliyoiunda walikuwa na gemu zote za Kasparov za kusoma, lakini yeye hakuwa na gemu za hiyo Deep Blue mpya. Ni kama kuingia mtihani wa somo hujafunzwa. Gemu ya tatu akaamua kuanza na hatua ya ajabu ili kuitoa kwa mambo iliyokariri. Ikaisha sare.

Linganisha na Vladimir Kramnik, Bahrain, 2002. Yeye alipewa programu ya Deep Fritz mapema, akaisoma udhaifu wake. Matokeo? 4-4.

2. Motisha

Hapa ndipo watu huumia. Gemu ya pili 1997, Kasparov alisalimu amri. Baadaye akaambiwa kumbe angeweza kupata sare! Hebu fikiria vile hiyo stori ilimkalia kichwani. Akaanza kushuku kwamba kuna binadamu anaisaidia mashine. Gemu tatu zilizofuata zilikuwa sare, kisha ya sita akachapwa kwa hatua 19 tu. Jumla: 3.5 kwa 2.5. Aliyeshinda alitengewa dola 700,000 na aliyepoteza 400,000, lakini doh haikuponya moyo uliovunjika.

Na usidhani maandalizi yanatosha. Mwaka wa 2006 kule Bonn, Kramnik alikuwa na uhakika wa dola 500,000, na angepata milioni moja kama angeshinda. Programu pia alikuwa ameipata mapema. Bado gemu ya pili hakuona mfalme wake anauawa kwa hatua moja, kitu hata mtoto wa klabu ya chesi shuleni angeona. Akapoteza mechi 4-2.

Wewe ufanye nini?

Kompyuta haichoki, haiogopi na haina kinyongo na gemu ya jana. Wewe uko na vyote vitatu. Kwa hivyo ukichapwa, chukua break kabla ya kubonyeza "cheza tena". Rudia gemu uliyopoteza, utafute hatua ile ulianza kuteleza. Kabla ya kusalimu amri, angalia ubao mara moja zaidi. Na kabla ya kila hatua jiulize: huyu jamaa anataka kunifanyia nini?

Kasparov angejiuliza tena siku hiyo, pengine leo tungekuwa tunapiga stori tofauti.