Nasaba ya nyenje na senene kwa ushahidi wa DNA

Nyenje na senene ni wadudu wa nusuoda ya Ensifera, katika oda ya Orthoptera walimo pia panzi na nzige. Wana vipapasio virefu vyembamba. Madume wengi huimba kwa kusugua mabawa ya mbele, na masikio yao yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Sifa hizo hazitoshi kueleza nasaba, kwa kuwa koo zilizo mbali kiukoo zinaweza kupoteza mabawa au wimbo kila moja kivyake, zikafanana. Mfuatano wa DNA huziba pengo hilo: kadiri koo mbili zinavyokaa bila kuzaliana, ndivyo tofauti kati ya jeni zao zinavyoongezeka. Hata hivyo, jeni moja haitoshi kuthibitisha nasaba ya spishi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha DNA ya mitokondria ya wadudu wa jamii ya senene wanaoishi katika misitu ya milima na savana za Afrika Mashariki. Ulibaini vipindi viwili vya kuzuka kwa spishi: cha kwanza wakati mbuga za nyasi zilipoenea, na cha pili yapata miaka 800,000 iliyopita, misitu iliporudi nyuma kuelekea milimani na kuwatenga wakazi wake. Maumbo peke yake yasingeonyesha mpangilio huo wa nyakati.

Pingamizi kubwa ni kwamba mitokondria hurithiwa kwa mama, hivyo husimulia upande mmoja tu. Mwaka 2002 Kerry Shaw alionyesha kuwa kwa nyenje wa jenasi Laupala, huko Hawaii, nasaba ya mitokondria inapingana na ile ya DNA ya kiini cha seli, dalili kwamba spishi ziliwahi kuchanganya damu. Aidha, vipande vya mitokondria hunakiliwa ndani ya kiini na kubaki jeni mfu. Zikisomwa kimakosa, spishi moja huonekana kama nyingi. Baadhi ya jeni hizo mfu hufichuliwa na ishara ya kukatisha protini inayojitokeza katikati ya jeni.

Hoja hizo zinadai ushahidi mpana zaidi, na haziitupi DNA. Mwaka 2020 Hojun Song na wenzake, wakitumia jeni nyingi, walihitimisha kwamba katika Ensifera uimbaji wa mabawa na masikio ya miguuni viliibuka sambamba, ilhali panzi walipata masikio ya tumboni kabla ya kuimba. Umri katika miaka bado unahitaji visukuku au kasi ya mabadiliko iliyokadiriwa, kwa hiyo miaka 800,000 ni makadirio.