Reli, Viatu na Rada: Miaka Sitini ya Mikopo ya Tanzania

Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliopangwa katika miaka ya 1970. Hoja yake ilieleweka na kila mtu: nchi ina ng'ombe wengi, ngozi zipo, vijana wa kufanya kazi wapo, kilichokosekana ni mashine. Mashine zikaletwa, tena za kisasa. Kiwanda kilipangiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya viatu hivyo ilikuwa iende Ulaya. Kuta zake zilikuwa za aluminiamu, hazina mfumo wa kupitisha hewa, jengo la nchi ya theluji lililosimamishwa chini ya milima ya Uluguru. Yeyote aliyewahi kushuka basi kituo cha Msamvu mjini Morogoro saa nane mchana mwezi wa Februari anaweza kukisia hali ya fundi aliyekaa humo ndani na cherehani. Ngozi nzuri ilikuwa shida kupatikana, vipuri navyo shida. Kiwanda hakikuvuka asilimia 5 ya uwezo wake, na soko la Ulaya hakikulifikia. Mwaka 1990 kikafungwa.

Mkopo haukufungwa. Deni la kiwanda kilichokufa hulipwa kwa fedha za kigeni zilezile zinazoletwa na kahawa ya Kagera na Kilimanjaro, pamba ya Usukumani na korosho za Mtwara. Mkulima anayezitolea jasho hakuwahi kuulizwa kama anataka kuwavisha Wazungu viatu. Kwa sababu hiyo sipendi kuanza habari ya deni la taifa na jumla yake, matrilioni yanayosomwa bungeni kila Juni hadi masikio yakazizima. Napenda kuanza na nani aliomba, aliomba kwa ajili ya nini, na nani alijua masharti kabla ya saini kuwekwa.

Serikali changa ya Tanganyika na Zanzibar ilionja mapema uchungu wa fedha za wengine. Mwanzoni mwa 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Ujerumani Mashariki ilikuwa na ofisi ya kibalozi nchini. Rais Nyerere, aliyeitwa Mwalimu, akaiambia iondoe na misaada mingine iliyobaki. Desemba mwaka huohuo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ambako walowezi wachache walikuwa wamejitangazia uhuru wao. Mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka London ukazuiwa.

Kwa hiyo Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilipokutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, wajumbe hawakuwa wakizungumza nadharia. Azimio la Arusha lililotangazwa Februari 5 linakumbukwa zaidi kwa kutaifisha mabenki na viwanda. Sehemu yake iliyonigusa mimi siku zote ni ile inayozungumzia mikopo. Azimio halikukataa kukopa. Lilisema mkopo una kikomo, kwamba nchi ikope inachoweza kukilipa, na kwamba kuitegemea misaada ni kuuweka uhuru rehani. Kisha likafika mahali ambapo wachumi wengi wa wakati ule hawakufika: likawaambia watu wa mijini kwamba hospitali kubwa, barabara za lami na viwanda vinajengwa mjini, lakini fedha za kigeni za kulipia mikopo yake zinatoka shambani. Anayefaidi siye anayelipa. Miaka karibu sitini imepita, na sijaona maelezo bora kuliko hayo.

Ajabu ni kwamba baada ya Azimio fedha zilikuja kwa wingi kuliko kabla. Nchi za Skandinavia ziliipenda Tanzania kwa dhati. Benki ya Dunia chini ya Robert McNamara, aliyeiongoza kuanzia 1968 hadi 1981, ilitafuta serikali inayojali vijiji, ikaona imeipata. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 nchi iliyotangaza kujitegemea ilikuwa miongoni mwa zilizopokea misaada mingi kuliko zote Afrika. Shule zilijengwa, visima vilichimbwa, zahanati zikafika mahali ambapo hapakuwahi kuwa na hata bandeji. Mema hayo yalikuwa ya kweli na watu wanayakumbuka. Pamoja nayo vilikuja viwanda vya mashirika ya umma ambavyo kila bolti yake iliagizwa nje, na bolti hainunuliwi kwa shilingi.

Mkopo mmoja wa enzi ile una historia tofauti kabisa. Zambia baada ya Rhodesia kuasi ilibaki na shaba yake bila njia salama ya kwenda baharini. Nyerere na Rais Kaunda wa Zambia walitaka reli hadi Dar es Salaam. Wataalamu wa Benki ya Dunia walisema haitalipa, na nchi za Magharibi hazikutoa fedha. Wakaenda China, nchi ambayo wakati huo yenyewe ilikuwa maskini, na Septemba 1967 makubaliano yakasainiwa Beijing. China ilitoa mkopo wa yuan milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Ujenzi ulianza 1970, na mwaka 1975 kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zilikuwa zimekamilika, pamoja na kile kipande kigumu cha Mlimba hadi Makambako kinachopita kwenye mahandaki na madaraja ya milimani. Baadhi ya Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto.

Gharama za ndani, yaani mishahara na chakula cha vibarua, zililipwa kwa njia ambayo watu wazima wa siku zile waliishika mikononi. China ilileta bidhaa, vitambaa, vyombo na vikorokoro vya nyumbani, zikauzwa madukani Tanzania na Zambia, na mapato yake yakaendesha ujenzi. Mama aliyenunua sufuria ya Kichina Iringa alikuwa anachangia reli.

TAZARA, kama reli hiyo inavyoitwa, ina matatizo yake, na makubwa. Haijawahi kubeba tani milioni 2 kwa mwaka zilizokusudiwa, na deni lake limelazimika kupangwa upya. Hata hivyo iliombwa na wenyeji, kwa haja waliyoijua wenyewe, na wale walioikataa walikuwa wakipima faida ya fedha huku Nyerere na Kaunda wakipima uhai wa Zambia. Kuiweka reli ile na kiwanda cha Morogoro katika jedwali moja la deni la taifa ni kuficha jambo lenyewe tunalopaswa kulijua.

Ukata ulipokuja ulikuja kutoka pande zote. Bei ya mafuta ilipanda 1973. Ukame ukakutana na operesheni ya kuwahamishia watu vijiji vya ujamaa, mavuno yakaanguka, akiba ya fedha za kigeni ikaishia kwenye nafaka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Tanzania ikalazimika kuanzisha shirika lake la ndege na la reli. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakaingia Kagera. Vita ile inakadiriwa kuigharimu nchi dola milioni 500, na iliibeba peke yake. Kabla vumbi halijatulia, 1979 mafuta yakapanda tena. Mkonge, uliotoa zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964, ulikuwa umepigwa vibaya na kamba za plastiki.

Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa tayari kukopesha, kwa masharti: shilingi ishushwe thamani, mishahara izuiwe, bei ziachwe huru. Edwin Mtei, Waziri wa Fedha ambaye ndiye aliyekuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliona hakuna njia nyingine. Mwalimu hakukubali. Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979. Siku ya mwaka mpya wa 1980, mbele ya mabalozi, Nyerere aliuliza tangu lini Shirika hilo limegeuka kuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima. Makubaliano yaliyofikiwa baadaye mwaka huo yalivunjika baada ya muda mfupi tu.

Kwenye swali lile naamini Mwalimu alikuwa na haki, na bado halijajibiwa. Lakini kukataa nako kulikuwa na bei, na bei hiyo haikulipwa na mabalozi. Ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni kwenye maduka ya RTC, kampuni za biashara za mikoa, ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya manjano ya Marekani, ya nguo za mitumba zilizoitwa kafa Ulaya, ya kusimamisha magari binafsi Jumapili alasiri ili kuokoa petroli. Mkulima wa kahawa alilipwa kidogo na mamlaka ya zao, tena kwa kuchelewa, kwa shilingi ambayo thamani yake ilikuwa kwenye karatasi tu, na wengine wakaona heri wavushe magunia Kenya usiku. Msako wa walanguzi na wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine mwaka 1983 uliwapa wananchi matumaini, lakini haukuleta mafuta wala vipuri. Yuleyule mtu wa shambani ambaye Azimio lilimtetea ndiye aliyebeba mzigo wa kukopa, kisha akabeba na mzigo wa kukataa kukopa.

Ali Hassan Mwinyi aliapishwa kuwa Rais Novemba 1985. Mwaka uliofuata mkataba na Shirika la Fedha ukasainiwa. Dola iliyouzwa kwa takriban shilingi 17 ikafika 40, na mwaka 1993 ikavuka 400. Madukani bidhaa zilirudi, na Mwinyi akapata jina la Mzee Ruksa. Mnamo 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza wagonjwa. Ada za shule za msingi zilikuwa zimesharudi, na uandikishaji, uliokuwa fahari ya nchi, ukashuka.

Msamaha wa madeni ulikuja chini ya Rais Benjamin Mkapa. Novemba 2001, baada ya kampeni ya makanisa na vyama vya kiraia duniani kote, Tanzania ilikamilisha mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa na kupata unafuu wa takriban dola bilioni 3 kwa kipindi cha miaka mingi. Ada ya shule ya msingi ilifutwa. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000, walivuka milioni 7 mwaka 2004. Watoto wakasoma chini ya miembe kwa sababu madarasa hayakutosha, na bado ulikuwa ushindi.

Mwezi mmoja tu baada ya msamaha huo, Desemba 2001, Uingereza iliidhinisha kuuzwa kwa Tanzania rada ya kampuni ya BAE kwa pauni milioni 28, kwa mkopo wa benki ya biashara. Clare Short, waziri wa misaada wa Uingereza yenyewe, aliipinga waziwazi. Wataalamu wa usafiri wa anga walisema ni ghali kupita haja. Mwaka 2010 BAE ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu za biashara ile, na ikakubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania. Fedha hizo zikanunua vitabu na madawati. Mitaani watu waliziita chenji ya rada. Inaniuma kwamba ilihitaji wachunguzi wa Uingereza na zaidi ya miaka kumi ili mtoto wa Kitanzania apate kitabu ambacho fedha yake ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Nchi haikuacha kukopa, na siamini ingepaswa kuacha. Mwaka 2021 Shirika la Fedha lilitoa mkopo wa dola milioni 567, karibu shilingi trilioni 1.3, wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 ambayo watu waliyaita madarasa ya UVIKO. Desemba mwaka huo Spika Job Ndugai alisema hadharani kwamba deni limefika shilingi trilioni 70 na kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Rais Samia Suluhu Hassan alimjibu kwamba mikopo itaendelea na miradi itakamilika. Januari 6, 2022 Spika akajiuzulu. Magazeti yaliandika sana kuhusu viongozi hao wawili. Masharti ya mikopo iliyokuwa ikibishaniwa, riba yake na miaka yake ya kulipa, yaliandikwa mara chache.

Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada inayompa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya taifa ni ya mwaka 1974, muongo uleule wa kiwanda cha Morogoro. Imerekebishwa tangu hapo, lakini mpaka leo Bunge hupitisha bajeti bila kupigia kura kila mkataba wa mkopo kabla haujasainiwa. Hapo ndipo pa kugusa. Mkataba wa kila mkopo mkubwa uwekwe mezani, kwa Kiswahili, mkulima wa Muleba ausome kabla ya Waziri kutia saini. Jirani zetu Wakenya wanajua kusubiri kunavyokuwa: mikopo ya reli yao ya kisasa kutoka China ilisainiwa 2014, treni ikaanza kwenda Nairobi 2017, na sehemu za mikataba yake zilitolewa hadharani Novemba 2022, wakati malipo yalikuwa yameshaanza.