Chujio la tangi la samaki: Uchafu ulionaswa bado haujatoka

Na Mwandishi Wetu, Songea

KITUO cha Ruhila, kilichopo Songea mkoani Ruvuma, ni miongoni mwa vituo vya Serikali vinavyozalisha vifaranga vya samaki, wakiwamo wa perege. Mfugaji anayewalea vifaranga katika tangi badala ya bwawa hana budi kufahamu namna ya kuchuja taka ngumu.

Bwawani, tope na mwani husaidia kupunguza taka. Tangini, kinyesi na mabaki ya chakula huoza majini, hupunguza oksijeni na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Chembe ndogo nazo hudhuru matamvua.

Uchujaji hufanyika kwa hatua. Kwanza, maji hupitishwa taratibu kwenye pipa ili taka nzito zituame. Kisha hupita kwenye wavu mwembamba, sponji au changarawe, ambako chembe zilizosalia hunaswa. Pampu huyarudisha tangini.

Hata hivyo, uchujaji huo hauondoi amonia iliyokwisha kuyeyuka. Kazi hiyo hufanywa na bakteria wanaoota kwenye sponji na changarawe. Aidha, taka zilizonaswa zingali ndani ya maji yale yale, na huendelea kuoza.

Kwa sababu hiyo, mashapo yatolewe na sponji isuuzwe mara kwa mara, hasa kasi ya maji inapopungua. Isuuzwe kwa maji yaliyochotwa tangini, kwani klorini ya maji ya bomba huua bakteria hao. Mashapo yenyewe hufaa kuwa mbolea bustanini.