Mkazi, mwenyeji na jina la kabila: kutoka porteño hadi Ngara

Nomino ya Kihispania porteño imetokana na puerto, yaani 'bandari'. Huweza kumtaja mtu wa mji wowote wa bandari. Lakini nchini Argentina humaanisha mtu wa Buenos Aires, na nchini Chile mtu wa Valparaíso. Kiswahili hakina neno moja linalolingana nalo. "Mtu wa bandarini" humfanya msomaji amfikirie kuli. Mfasiri ataje mji wenyewe: mkazi wa Valparaíso.

Neno letu lililopitia njia kama hiyo ni Mswahili. Shina lake ni la Kiarabu, sawahil, wingi wa sahil, 'pwani'. Jina la mahali limekuwa jina la watu mahususi. Miji kadhaa ya pwani nayo hupokea m-/wa- moja kwa moja: Waamu wa Lamu, Wamvita wa Mombasa.

Kanuni hiyo haifai kila mahali. Mfasiri anayetafuta neno moja la "mtu wa Ngara" hushawishika kuandika Mhangaza. Hilo ni kosa. Wilaya ya Ngara ina Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi. Bushubi na Mshubi yana shina moja. Bugufi na Mhangaza hayana. Tena, Washubi wasichanganywe na Wasubi wa Biharamulo.

Mipaka nayo huhama. Nyamirembe, bandari ya Ziwa Viktoria, ilikuwa katika Wilaya ya Biharamulo. Leo imo Chato, mkoani Geita. Hivyo "mtu wa Biharamulo" katika hati ya zamani huenda alikuwa mtu wa ziwani.

Tofautisha basi:

mkazi: anayeishi mahali, atokako kokote;
mwenyeji: mwenye asili ya mahali;
Mhangaza, Mshubi: mtu wa kabila, popote aishipo.

Wakimbizi wa Rwanda waliopiga kambi Benako, Ngara, mwaka 1994 waliishi Ngara bila kuwa wenyeji wake. Kinyume chake, Mhangaza aliyehamia Mwanza hubaki Mhangaza.

Katika wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi, tofauti hii si ya mtindo tu. Kwenye hati ya uraia au ushahidi wa mahakamani, neno moja lisilo mahali pake laweza kumpa mtu asili isiyo yake, au kumnyang'anya iliyo yake. Chanzo kikitaja makazi tu, andika mkazi wa Ngara, wala usiongeze kabila.