Neno «Fedha»: Madini, Sarafu na Lugha ya Maandiko

Katika Kiswahili neno fedha lina maana mbili zinazoishi pamoja. Kwanza ni madini meupe yenye kung'aa, ya pili kwa heshima baada ya dhahabu. Pili ni mali ya kubadilishana: noti, sarafu, akiba ya benki, bajeti ya Wizara ya Fedha. Katika mazungumzo ya leo maana ya pili imeimeza ile ya kwanza, hata katika maduka ya vito wateja huomba pete ya «silva» ili wasieleweke vibaya. Lakini Biblia zetu hazisemi silva. Zinasema fedha, na msikilizaji ndiye anayebaki kuamua ni fedha ipi.

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako fidha ni jina la madini. Waganda nao wana ffeeza, na kwao limebaki kuwa jina la madini, kwa kuwa pesa zina majina mengine. Msemo wetu wa «fedha fedheha» unapendeza sikioni, ila maneno hayo mawili hayana undugu: yametoka katika mizizi tofauti ya Kiarabu.

Jinsi jina la madini lilivyogeuka kuwa jina la mali si fumbo. Katika karne ya 19 biashara ya pwani na Zanzibar ilitumia sana reale ya Maria Theresa, sarafu nzito ya fedha yenye mwaka 1780. Ikafuata rupia, nayo ya fedha, iliyotumika bara hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Na jina rupia limetokana na neno la Kisanskriti la fedha iliyofuliwa. Aliyekuwa na mali mkononi alikuwa na fedha kweli kweli. Waamini wa Bukavu au Goma wanaojua Kifaransa wanalitambua jambo hilo katika neno argent, lenye maana hizo hizo mbili.

Kiebrania cha Agano la Kale nacho kiko hivyo: kesef ni madini na ni malipo. Kabla ya sarafu kuenea, fedha ilipimwa kwa mizani, na shekeli ilikuwa kwanza jina la uzito, kutoka kitenzi chenye maana ya kupima. Abrahamu anampimia Efroni shekeli 400 kwa ajili ya shamba la kumzikia Sara (Mwa 23). Yeremia, Yerusalemu ikiwa imezingirwa, anapima shekeli 17 na kununua shamba la Anathothi (Yer 32). Tusomapo habari hizi tusifikirie noti zinazohesabiwa. Tufikirie mizani, na mashahidi wanaoitazama.

Hapo ndipo vipande thelathini alivyopewa Yuda vinapopata uzito wake. Mwinjili Mathayo hataji jina la sarafu. Anasema tu fedha. Lakini idadi ni ile ile ya Kutoka 21:32, ambako ng'ombe akimuua mtumwa, bwana wa mtumwa hulipwa shekeli thelathini za fedha. Ni hiyo pia katika Zekaria 11, ambako mchungaji analipwa thelathini kwa dharau na kuzitupa kwa mfinyanzi. Yosefu aliuzwa na ndugu zake kwa ishirini. Basi Mathayo hatuonyeshi tu tamaa ya mtu mmoja. Anatuonyesha Bwana akikadiriwa kwa bei ya mtumwa. Msomaji wa Misa akitamka neno hilo nasi tukasikia «hela» tu, sehemu hiyo ya Injili inatupita.

Mfano mgumu zaidi ni Malaki 3, somo la sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, tarehe 2 Februari. Nabii anamfananisha Bwana na mtu asafishaye fedha. Kwa masikio ya siku hizi, yaliyozoea habari za mahakamani, kutakasa fedha kunakaribia mno utakatishaji wa fedha haramu! Nabii anasema juu ya tanuru. Mafundi wa kale waliyeyusha fedha pamoja na risasi, ambayo ilipopigwa na moto na hewa iliondoka na uchafu. Yeremia 6 inaijua kazi hiyo, inalalamika kwamba moto umewaka bure na watu wamebaki kuwa fedha ya kukataliwa. Ile hadithi ipendwayo mahubirini, kwamba fundi huacha kazi anapoiona sura yake katika fedha, haimo katika Malaki. Anayetaka kuisimulia na aisimulie, ila asiipachike kwa nabii.

Katika Agano Jipya, neno la Kigiriki linalotafsiriwa kupenda fedha katika 1 Tim 6:10 ni filargiria, yaani upendo wa argiro, madini hayo hayo. Na Simoni mchawi wa Samaria, aliyewatolea mitume mali ili anunue uwezo wa kumpa mtu Roho Mtakatifu (Mdo 8), ameliachia Kanisa neno simonia. Kanuni 848 ya Sheria za Kanisa inakataza mhudumu kudai chochote kwa sakramenti zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka husika, na inamtaka aangalie daima kwamba mhitaji asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Mzazi aliyeambiwa kwamba mtoto wake hatabatizwa mpaka deni la michango liishe ana haki ya kuisoma kanuni hiyo, na kumwonyesha paroko wake.

Katika vyombo vya altare fedha imebaki kuwa madini: kalisi ya fedha kwa kawaida hupakwa dhahabu kwa ndani (Maelekezo ya Misale ya Kirumi, na. 328). Vivyo hivyo jubilei ya fedha, miaka 25 ya upadre, nadhiri au ndoa, hutanguliza ile ya dhahabu ya miaka 50. Jina hilo halihusiani na michango, ingawa mtu akisoma kadi za baadhi ya kamati zetu za maandalizi anaweza kusamehewa akidhani hivyo.