Ua na Pito Lake

Apitaye vijiji vya Mbulu na Hanang huona shamba lililozungushiwa ua, na kando yake pito la ng'ombe. Ua hulinda mahindi; pito humfikisha mfugaji majini. Mwenye busara hang'oi ua mzima ati kwa sababu kundi moja limekosa njia. Nimeona busara hiyo ikifaa hata katika jambo ambalo wazee wetu hawakulijua, yaani kumbukumbu ya kompyuta.

Sisi tuliosomea ualimu miaka ya 1970 tulifundishwa kwa chaki na ubao. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, hivyo historia ya mashine hizi wengi wetu tuliidakia katikati.

Kompyuta ndogo zilizotumia MS-DOS hazikuwa na ua. Programu yoyote iliweza kuandika popote katika kumbukumbu. Hata mashine kubwa za vyuo vikuu zilikuwa na nyufa. Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe katika maelfu ya kompyuta. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kujaza taarifa kupita nafasi yake, mpaka zilizofurika zikatekelezwa kama amri. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilipenya katika ufa wa namna hiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Agosti 2004 Microsoft ilitoa nyongeza ya pili ya Windows XP, ikiwa na kinga mpya: sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa kwa taarifa isitekelezwe kama amri. Programu ikijaribu, hufungwa papo hapo.

Tabu ni kwamba baadhi ya programu za zamani zilifanya hivyo bila nia mbaya. Katika shule niliyoiongoza, kinga hiyo ilikuwa imewashwa kwa programu zote, na programu yetu ya alama ikawa inajifunga kila tulipoifungua. Zilibaki siku chache tuwape wazazi ripoti.

Kijana aliyetusaidia alisema, "Mkuu, tuizime kinga yote, tumalize kazi."

Nilikataa. Mashine ile ilibeba alama za miaka mitatu, na kila wiki ilichomekwa flashi zilizotoka kwenye kompyuta za mjini. Kinga ile haikuzuia kila kirusi, lakini ilizuia namna moja ya hatari. Basi tukaingia katika mipangilio ya mfumo, sehemu ya utendaji, tukaacha kinga ilinde programu zote isipokuwa moja tuliyoiorodhesha kwa jina. Tukaiwasha mashine upya, na ripoti zikatoka.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP Aprili 2014, na katika Windows za biti 64, programu za biti 64 haziwezi kuondolewa kwenye kinga hiyo. Lakini bado zipo ofisi zenye programu kongwe, na ushauri wangu kwao ni mfupi. Kwanza tafuta toleo jipya la programu. Likikosekana, ifungulie pito programu moja unayoifahamu asili yake. Na siku toleo jipya likipatikana, lizibe pito lile, maana lisipopitwa na ng'ombe hupitwa na mwizi.