Dozi moja ya Uvira

Oktoba 2022 akiba ya dunia ya chanjo ya kipindupindu ilizidiwa. Nchi nyingi ziliomba kwa wakati mmoja, na wasimamizi wake wakaamua kila mtu apewe dozi moja badala ya mbili. Lakini dozi moja humkinga mtu kwa muda gani? Jibu mojawapo lenye uzito lilitoka Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo, katika utafiti ulioongozwa na Daktari Espoir Bwenge Malembaka wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu.

Chanjo yenyewe ina asili ya mbali. Zamani watu walichomwa sindano, kinga ikawa hafifu na ya muda mfupi, hata mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani likaacha kuwadai wasafiri cheti chake. Bakteria wa kipindupindu hawana haja ya kuingia kwenye damu. Kazi yao yote huifanyia utumboni.

Hapo ndipo alipoelekeza macho Jan Holmgren, mtaalamu wa kinga wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi. Sumu ya bakteria hao ina sehemu mbili: moja hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo, nyingine hupenya ndani ya seli na kuifanya imwage maji na chumvi mpaka mgonjwa anadidimia macho kwa saa chache tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Holmgren na wenzake walionyesha sumu hiyo inajishikiza wapi: kwenye aina ya mafuta ya seli iitwayo GM1. Kisha yeye na Ann-Mari Svennerholm wakatengeneza chanjo ya kunywa, yenye bakteria waliouawa pamoja na ile sehemu ya sumu isiyodhuru, ili utumbo wenyewe ujifunze kujilinda.

Mwaka 1985 ilijaribiwa Matlab, Bangladesh. Miaka ilivyosonga, ilionekana kwamba hata bakteria waliouawa peke yao walikinga vizuri. Kwangu mimi huo ndio ugunduzi uliowafikia maskini, kwa sababu uliruhusu chanjo rahisi zaidi. Vietnam ikaitengeneza, India ikafuata, kisha Korea Kusini, ambako leo hutoka kichupa laini cha plastiki: unakikata shingo, unakiminya mdomoni, basi. Hakihitaji hata maji ya kunywea. Huku Afrika Mashariki, kampeni ya Unguja na Pemba ya mwaka 2009, iliyotumia ile chanjo ya Uswidi, ilionyesha kinga ya asilimia 79 kwa waliopata dozi mbili.

Sisi wa Kivu ugonjwa huu hatukuusoma vitabuni. Julai 1994 kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda kandokando ya Goma. Mwaka 2008 mtafiti Mkongo Didier Bompangue na wenzake waliandika kwamba maeneo ya maziwa ya mashariki ndiyo chimbuko la milipuko mingi ya nchi hii. Mtu anayeteremka na bidoni kuchota ziwani kwa sababu bomba limekauka anaielewa hoja hiyo bila ramani.

Uvira ilichanjwa mwaka 2020. Baadaye timu ya Malembaka iliwachukua wagonjwa waliothibitishwa na maabara, ikawalinganisha na majirani zao wa umri na jinsia ileile: nani alichanjwa, nani hakuchanjwa? Ni kazi ya kubisha hodi nyumba kwa nyumba, na yote inategemea mgonjwa aulizwe vizuri na kinyesi kipimwe ipasavyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Dozi moja ilipunguza hatari kwa takriban asilimia 53 kati ya mwezi wa 12 na wa 17 baada ya chanjo, na bado kwa takriban asilimia 45 kati ya mwezi wa 24 na wa 36.

Jambo lililonigusa zaidi ni watoto. Jaribio la Dhaka lililotangazwa mwaka 2016 halikuona kinga ya maana ya dozi moja kwa walio chini ya miaka mitano. Uvira, wa mwaka mmoja hadi minne walionekana kukingwa karibu sawa na wakubwa wao. Matokeo hayo mawili hayajapatanishwa, na mganga mkuu wa eneo la afya anayegawa vichupa vichache anapaswa kuyajua yote mawili.